Kwa Kumbeba Bipin Sitatubu

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Basi niulizeni sasa, wanangu, kabla sijawa maiti, maana sanda yangu nimekwisha kuichagua na sitaki mtu anivishe nyingine. Sogeeni. Mogire, toka hapo mlangoni, wewe ni mwanangu wa kwanza, si askari wa kulinda gereza. Andrew, keti na mkeo. Nitasema Kiswahili, kile nilichojifunza nikiwa mpishi katika mashamba ya chai ya Kericho, ili mke wa Andrew, aliyetoka Ukambani akaja kuishi nasi hapa Gesima, asikie wosia wa baba mkwe wake kwa masikio yake mwenyewe. Na wewe Nyamusi, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu, niinulie kidogo huu mto. Hapo. Asante, mama.

Asubuhi mlimwona Mzee Mogaka akitoka humu ndani amekunja uso, na ninyi mkaniuliza amesema nini. Sikilizeni alichosema. Alikaa kwenye kigoda hicho, akaweka kofia yake magotini, akaniambia, “Ongeri, wazee wa kanisa wamenituma. Sema neno moja tu, kwamba ulikosa, nasi tutakurudishia ushirika wako, na siku yako ikifika mchungaji atasimama kaburini. Ukikataa, utazikwa kimya kama mtu asiye na kwao.”

Nikamuuliza, “Nilimkosea nani?”

“Ulilikosea kanisa. Ulichoma mtu.”

“Nilimsindikiza mtu kwa desturi ya kwao.”

“Ongeri, unakufa, na bado kichwa ni kigumu hivyo?”

“Mogaka,” nikamwambia, “kama sikukilainisha nikiwa na nguvu ya kuinamisha shingo, leo utakiweza?”

Hayo tu. Nanyi habari yenyewe mnaijua vipande vipande, kama inavyosimuliwa sokoni Ikonge, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Leo isikieni kwa mtu aliyeshika machela.

Mnamkumbuka Bipin, Mhindi mwenye duka pale Ikonge, lenye mlango wa kijani. Mtu asiwadanganye kwamba alikuwa rafiki yangu. Bipin alikuwa mkali kama pilipili. Mvua ikinyesha, mkijikinga barazani kwake bila kununua kitu, alitoka na ufagio akawafukuza, wazee kwa watoto, na mimi mwenyewe alinifukuza siku moja nikiwa nimevaa suti yangu ya Sabato, nikalowa mpaka mifupani. Mkewe, Chandrakala, ndiye aliyekuwa na moyo. Yeye alikizungumza Kigusii kama aliyenyonyeshwa nacho, akiwasalimu akina mama “Bwakire!” kabla hawajamsalimu.

Ikaja ile miaka ya mwisho ya sitini, serikali ikaanza kuwanyima leseni wenye maduka wasio raia, na Wahindi wa masoko madogo wakafunga milango mmoja mmoja, huyu kaenda Kisii mjini, yule Kisumu, yule ng'ambo. Bipin alibaki peke yake Ikonge, akisubiri jibu la serikali. Jibu halikufika. Kilichofika ni masika, masika yale yaliyosomba daraja, na katikati ya mvua ile Bipin akaanguka nyuma ya kaunta akiwa anafunga sukari, akafa.

Gari halikuweza kupita kwenda Kisii. Ndugu zake hawakuweza kupita kuja. Mwili ulilala dukani usiku mmoja, na asubuhi Chandrakala akatembea matopeni mpaka kwetu, miguu mitupu, sari imejaa udongo hadi magotini. Alikuwa amekwisha kupita kwa Mogaka na kwa wengine. Walimwambia watamchimbia kaburi, tena walisema kwa wema, siwasingizii. Lakini yeye alikuwa anataka moto, kwa kuwa hivyo ndivyo baba zao walivyoagana na wafu wao tangu zamani, na aliposema neno moto, wanaume walirudi nyuma. Kwetu, mnajua, kuchoma mwili wa mtu ni jambo ambalo halisemwi hata kwa mzaha.

Alisimama pale uani akaniambia kwa lugha yetu, “Baba Mogire, sina mwana huku. Sina kuni. Sina mtu.”

Mimi nami niliogopa, wanangu. Mama yenu Bonareri, Mungu amlaze pema, alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini, akaniangalia, akasema, “Kuni tunazo.”

Kuni tulikuwa nazo kweli. Nyuma ya zizi nilikuwa nimepanga magogo ya miwati, makavu, yaliyofunikwa kwa majani ya migomba, niliyoyakata kidogo kidogo kwa muda mrefu ili nichome matofali ya nyumba mpya. Ndiyo sababu ninakufa katika nyumba hii ya udongo, Mogire. Najua jambo hili linakuaibisha mbele ya walimu wenzako. Kila ukija ukikuta ukuta umepasuka unaguna. Usigune tena. Nyumba yako ya matofali ilienda na Bipin, na kama magogo yale yangerudi leo, ningeyatoa tena, na mlango huu ningeuongeza juu yake uwe kuni.

Niliita wanaume wanne wa ukoo wetu wanisaidie kubeba. Walikuja hadi mlango wa duka, wakaona mwili umefungwa nguo nyeupe, wakakumbuka kazi nyumbani. Mogire, wewe ulikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, ukasimama kule juu kwenye chai ukitazama. Sikulaumu, ulikuwa kijana, na hofu ni ya watu wote. Lakini machela ina pembe nne. Pembe moja nilishika mimi, ya pili mama yenu, ya tatu Chandrakala mwenyewe. Ya nne ikashikwa na Nyamusi, ambaye hakuitwa na mtu, aliyekuwa na mimba na ameachwa na mume, na kijiji kizima kilikuwa kinamcheka. Alifunga kanga kiunoni akasema, “Baba, twende, mvua inarudi.” Tuliteremka na Bipin mpaka kwenye kile kipande chetu cha mtoni, tukiteleza, wanawake watatu na mzee mmoja, na watu wamejaa kingo za barabara kama wanaotazama mafuriko.

Kwa desturi ya kwao moto huwashwa na mwana wa kiume. Chandrakala alinitazama, mimi nikamtazama. Kisha akamwaga samli juu ya magogo na akawasha mwenyewe. Kwa hiyo siku ile si mimi tu niliyevunja mila. Mama yule naye alivunja ya kwao. Tulikaa pale mpaka magogo yakaisha. Mama yenu aliimba wimbo wa kanisani, kwa kuwa nyimbo nyingine hakuzijua, na Chandrakala akaomba maombi yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kulipotulia, akanishika mkono akasema, “Bipin angekuwa hai, leo angekufukuza barazani.” Akacheka, na katika kucheka kule akalia, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia. Barabara ilipofunguka alichukua majivu ndani ya chungu cha shaba, akaenda kwa ndugu zake Kisumu. Hatujaonana tena.

Sabato iliyofuata nikaitwa mbele. Mimi mzee wa kanisa, niliyekuwa nakaa kiti cha mbele na kutangaza nyimbo, nikaambiwa nitubu nimeshiriki ibada ya miungu. Nikasema, “Nilibeba jirani.” Wakaniambia nitubu. Nikasema tena, “Nilibeba jirani.” Wakapiga kura, mikono ikainuka, hata mikono niliyokuwa nimeibatiza kwa machozi yangu ya kuwaombea. Nikaondolewa uzee wa kanisa, nikaondolewa ushirika. Walidhani nitaenda zangu. Sikwenda! Sabato iliyofuata nilivaa suti yangu nikaingia, nikakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango panapopiga upepo, na nimekaa pale mpaka miguu hii ilipokataa kunibeba.

Na nitawaambia siri ya benchi la nyuma. Mpanda ngazi hushuka, lakini wengi wetu hushuka kwa kuanguka, hatuoni kitu njiani. Mimi niliposhushwa niliona. Nikiwa mbele niliona Biblia yangu na kola ya mchungaji. Nyuma ndiko wanakokaa akina mama wenye watoto wanaolia, nikajifunza kupakata mtoto ili mama asikie mahubiri. Nyuma ndiko alikokaa Obwocha, yule mlevi, aliyekuja kwa ajili ya nyimbo na kuondoka kabla ya sadaka. Miaka yote niliyohubiri unyenyekevu sikuwahi kujua kwamba Obwocha ana sauti ya nne, ile nzito ya chini, nzuri kuliko mtu yeyote Gesima.

Siku ya Meza ya Bwana, watu walipotawadhana miguu, mimi na Obwocha hatukuruhusiwa. Tukatoka, tukaenda kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa, nikamwosha miguu yake iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, naye akaniosha yangu. Mogaka akatokea. “Ongeri, hiyo si halali!” Obwocha akamjibu, “Basi, mzee, hesabu kwamba tunaoga.” Nilicheka hadi nikaketi matopeni. Wanangu, Bwana alipotaka akumbukwe hakuchonga jiwe, alichukua mkate, na usiku ule ule akashika beseni. Mimi nami msinijengee kaburi la saruji. Msiniwekee picha. Mkitaka kunikumbuka, mwosheni mtu ambaye wengine wanaona kinyaa kumgusa, hapo nitakuwa nimekumbukwa.

Nipe maji, Nyamusi. Kidogo tu.

Sasa shamba. Chai ya juu ni yako, Mogire, pamoja na miche mipya. Kipande cha kando ya barabara na ng'ombe wawili ni vya Andrew. Kipande cha mtoni, pale palipowaka moto, ni cha Nyamusi na watoto wake. Msigunegune! Najua mila. Najua binti harithi. Najua pia, Mogire, kwamba umeongea na wazee mlete kondoo mpatakase pale nikishafumba macho. Usichinje kondoo wangu pale. Pale hapana laana. Nimepanda migomba pale, imezaa mikungu ambayo mtu mmoja haibebi, akina mama wameiuza katika soko la Daraja Mbili, na wateja wamekula na kupona, na Mogaka mwenyewe ameila kwenye harusi ya Andrew akaomba nyingine. Aliyeshika pembe ya nne ndiye mwenye ardhi ile. Nimemwambia chifu mbele ya mashahidi. Mkitaka kubishana, bishaneni na mimi sasa, nipo.

Haya. Vizuri.

Neno la Mogaka. Msimchukie. Alipovunjika mguu nilimkatia ng'ombe wake majani kila asubuhi mpaka akasimama, na hakunishukuru, na mimi nilifurahi hakunishukuru, kwa maana kulipiza kisasi kwangu ndiko huko. Yeye anaamini analinda nyumba ya Mungu. Mimi naamini nyumba ya Mungu haina haja ya mlinzi mwenye rungu. Akija mazishini, akiwa na mchungaji au bila, mnawisheni mikono wa kwanza, mpeni kiti kizuri, mumpe nyama laini kwa sababu meno yake yamekwisha. Lakini akisema mbele ya watu kwamba Ongeri alitubu mwishoni, Mogire, wewe ndiye utakayesimama. Ulisimama kwenye chai siku ile ukatazama. Siku hiyo simama tena, useme, “Baba yangu hakutubu, kwa kuwa kupenda si dhambi.” Utaweza? Sema nisikie.

...Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Usilie. Njoo hapa, weka kichwa.

Nizikeni kabla jua halijawa kali, upande wa kushoto wa mama yenu. Mchungaji asipokuja, Obwocha ataimba. Mwiteni ingali mapema... kabla hajafika kwenye pombe.

Leteni vichwa vyenu. Mogire, Mungu akupe moyo mpana kuliko elimu yako. Andrew, wewe na huyu mama wa Ukambani, mzae, mcheke, msilale na hasira. Nyamusi... mama yangu... wewe huna haja ya baraka, wewe ndiwe... Haya, pokea hata hivyo. Mpendane. Si kwa maneno ya... kwa ugali. Kwa kuni. Kwa kumbebea mtu mzigo mlimani.

Sioni vizuri. Kuna mtu anapita barabarani, nasikia nyayo. Ni nani? Hamumjui? Basi mkiwa hamumjui... Andrew, kimbia. Mwambie chakula kipo. Mwambie aingie.