Kanzu Nilizoziandika Bila Kuuliza

Mabibi na mabwana wa darasa letu la jioni, nashukuru kupewa nafasi. Mwalimu ameniomba niwaeleze nilivyojifunza kutunga hadithi fupi. Nitawaeleza, ila nitaanza na ile iliyonifukuzia wateja.

Mie ni fundi cherehani hapa hapa Temeke, wengi mnanijua. Mtu akisimama kupimwa, mdomo nao hufunguka, kwa hiyo fundi husikia mengi. Nilipojua kuandika vizuri, nikaanza kutuma hadithi gazetini. Tatu zikarudi. Chini ya ile ya tatu mhariri aliandika kwamba naonya sana, simwonyeshi msomaji watu. Nikasema moyoni, kama ni watu, mbona ninao tele barazani?

Siku zile akaja jirani yangu mmoja, mjane, ndiyo kwanza katoka eda. Alileta kanzu tatu za marehemu mumewe, akataka nizipunguze mabega na urefu. Hakusema atazivaa nani, nami sikuuliza. Nilijijazia mwenyewe. Nikatunga hadithi ya mjane anayemshonea bwana mpya nguo za marehemu, nikaitia vichekesho. Jina nilitunga, lakini kanzu zilibaki tatu, na moja ina doa la wino mfukoni, vile vile kama zilivyokuja.

Ikachapwa. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilitembea kama bwana harusi. Lakini ikasomwa kwa sauti kwa muuza kahawa, watu wakacheka, na mmoja akauliza kama si yule jirani wa fundi. Basi ikawa yule mama hawezi kwenda bombani kuteka maji asitupiwe neno. Wanawake wa mtaa nao wakaacha kuniletea nguo, waliogopa kuandikwa. Mke wangu aliponilaumu nikajitetea kwamba ile ni hadithi tu.

Asubuhi moja mjane akaja barazani na mzee mwembamba, kavaa ile kanzu yenye doa. Alikuwa baba mkwe wake. Alitoka Kisarawe kuja kumzika mwanawe, akabaki kwa mkwewe, maana hana mtu mwingine wa kumtunza wala nguo ya kuendea msikitini. Yule mama hakupandisha sauti.

"Fundi," aliniambia, "mabega ya kanzu uliyapima. Mie hukunipima. Ungeuliza atazivaa nani, ningekwambia."

Nilimwamkia mzee shikamoo, nikawaomba radhi wote wawili. Kisha nikaenda pale pale kwa muuza kahawa, nikasimama mbele ya waliocheka, nikasema nilimzulia mtu.

Miezi ikapita sishiki kalamu. Aliyenirudisha ni mjane mwenyewe. Alikuja kushonesha gauni, akauliza mbona siandiki. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Basi anza na aibu yako."

Nikaanza nayo. Zamani niliunguza kwa pasi kitambaa cha bibi harusi, nikamwambia kililetwa hivyo hivyo. Niliandika habari za fundi wa namna hiyo, kisha nikamsomea mjane na mke wangu. Wakanisimamisha katikati: hapo unamtetea, hebu tuambie alihofu nini. Niliandika upya mara sita. Iliporudi kutoka gazetini ilikuwa imechapwa, na wanawake wakaanza kuja tena na vitambaa vyao, wakinitania nisiviunguze.

Namshukuru mke wangu, aliyenilaumu nilipostahili. Namshukuru mwalimu. Na yule mama simtaji; safari hii nimemuuliza kwanza kama naweza kuyasema haya, akaniruhusu.

Nanyi mnaotaka kutunga, kalamu mnazo na watu mnao. Ukiona umemjua mtu wa hadithi yako upesi mno, simama hapo, kamuulize. Mie hadithi zangu zilianza kuwa hadithi siku nilipokubali kuuliza na kuulizwa.