Mstari Aliouchora Baba Yenu

Kaeni, wanangu. Wewe kifungua mimba, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita, vuta kiti. Wewe binti yangu, acha kunipangapanga mito, kichwa changu kikishaegemea kinatosha. Na wewe kitinda mimba, laza simu kifudifudi, soko la hisa limefungwa na halitafunguliwa hadi Jumatatu. Daktari kaniambia asubuhi kwamba ninaendelea vizuri, huku akitazama dirisha, nami nikamshukuru kwa adabu zake. Basi sikilizeni nikiwa bado na pumzi ya sentensi ndefu, maana fupi sijawahi kuziweza.

Ninajua habari za fomu ya benki. Imo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la vyombo, imejazwa yote kwa mwandiko mzuri, imebaki sahihi yangu tu. Kifungua mimba anataka nyumba hii iwekwe rehani, ili fedha zinunue hisa zaidi za kampuni ileile ya majengo ambayo baba yenu alituachia hisa zake. Hoja yake nimeisikia ukutani, maana mgonjwa hudhaniwa kiziwi: "Bei ni thelathini na nane, mstari wa Baba unasema sabini. Karibu nusu bei. Baba alinunua hivihivi, na sisi tukasoma." Ni hoja nzuri. Ina kasoro moja, na kasoro yenyewe ni mimi.

Mstari huo mnaujua, mmekua mkiupita mkienda kuoga. Kila Ijumaa baba yenu alichukua gazeti, akatafuta bei ya kufungia soko, akatia nukta kwenye karatasi ya miraba. Karatasi ilipojaa akabandika nyingine pembeni, mpaka ukuta mzima wa ujia, toka mlango wa sebule hadi mlango wa bafu, ukawa mlima wa nukta. Katikati akapitisha mstari mmoja kwa rula ya ubaoni, maana alikuwa mwalimu wa jiografia, na mafundisho yake yalikuwa mafupi: bei ikiwa juu ya mstari watu wamelewa, ikiwa chini watu wameogopa, mwenye subira hungoja irudi. Alipofariki, kifungua mimba akaipokea kalamu, na sasa nukta zina miaka ishirini na tisa. Mimi niliyesomea uthamini wa majengo chuo kikuu, nikaufanyia kazi miaka thelathini, nilipita hapo na taulo begani nikanyamaza. Ndoa ina mengi ya kunyamazia.

Siudharau mstari mrefu. Anayetazama bei ya leo peke yake ni kama anayemjua mkwewe kwa siku ya harusi. Mstari mrefu unakuonyesha bei imezoea kukaa wapi, unakupoza homa ya wiki. Lakini baba yenu alianza kuchora mwaka mmoja tu baada ya soko kuporomoka, na aliyeanzia shimoni kila hatua yake ni kupanda. Angeanza miaka miwili kabla, mlima ule ungekuwa kichuguu. Tena mstari unajua bei, haujui wapangaji. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na mimi ndani niliingia, kwa miguu yangu, na futi ya kupimia mkononi.

Sasa niwaambie ile mara moja baba yenu aliponunua, ambayo shangazi yenu huisimulia misibani akifuta machozi. Miaka ishirini na moja iliyopita bei ilianguka hadi kumi na mbili, mstari ukisema ishirini. Baba yenu akanunua kwa akiba yetu yote, na baada ya mwaka na nusu bei ikafika arobaini na moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku zile ofisi yetu ilikuwa imepewa kazi ya siri ya kupima jengo kubwa la kampuni hiyo, orofa kumi na moja, kwa sababu wizara nzima ilitaka kuhamia humo kwa mkataba wa miaka kumi, na mingine kumi juu yake. Tulipima wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Rula kwa jinsi alivyotembea wima, na wote wawili tulitia sahihi kwamba hatutasema. Asubuhi moja baba yenu alikuwa jikoni anapiga viatu rangi, kakunja uso, kwa kuwa alikuwa anauogopa mstari wake mwenyewe. Akaniuliza, "Mke wangu, ninunue au niache?" Nikamwambia, huku namimina chai, "Nunua. Wizara inahamia." Maneno matatu. Hakuuliza wizara gani.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanzoni alinyamaza ili kunilinda. Baadaye, nawaapia, alikuwa ameshaamini kwamba ni mstari. Nami nikamwachia sifa, maana zilimkaa vizuri kuliko koti lake.

Lakini aliwanong'oneza walimu wenzake wawili, nao wakanunua, na mmoja wao akajigamba mbele za watu. Ofisi ikauliza ni nani aliyesema. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi, kitinda mimba ana siku tisa. Rula ndiye aliyekuwa na jalada mezani. Wakamwita, akasema hajui, na kweli hakujua, wakamwambia kutojua kwake kunatia shaka, wakamfukuza. Niliporudi kazini nikakuta nimepewa meza yake, iliyokuwa karibu na dirisha. Nikaikalia miaka kumi na minane. Yeye mpaka leo anapima madirisha ya watu kwa ajili ya duka la mapazia. Tulikutana mara moja tu, kwenye foleni ya posta. Akaniuliza, "Habari za ofisi?" Nikamjibu, "Nzuri."

Nipeni maji. Kidogo, basi.

Miaka kumi ile na mingine kumi imekwisha, wanangu. Wizara imejenga kwake, imehama mwaka jana. Kifungua mimba, Jumatatu saa nane mchana, jua likiwa kali, nenda ukasimame chini ya jengo lile. Zamani kila dirisha lilikuwa na kiyoyozi na kila kiyoyozi kilidondosha maji, wapita njia wakitembea katikati ya barabara wasilowe. Nilipokuwa bado natembea, nilisimama pale nusu saa nzima na ukosi wangu ukabaki mkavu. Bei haijaogopa, mwanangu. Bei imehesabu. Unangoja irudi kwenye mstari, na waliouinua mstari wamefunga virago. Huenda akapatikana mpangaji mwingine, sikatai, nimeona majengo yakifufuka. Lakini nyumba yenye vitanda vya watu haiwekwi juu ya huenda.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Yule bwana wa juzi mliyedhani ni wa bima ni mwanasheria. Nyumba nimeiandika kwa majina yenu matatu, haiuzwi wala haiwekwi rehani mpaka sahihi zote tatu zitimie, na binti yangu ninamjua, hasaini kitu asichokisoma. Siwaachii laana, laana ni za watu wasio na hati. Hisa zigawanywe mafungu manne. Matatu yenu, mshike au muuze, ni hiari yenu, ila kila mmoja aingie kwanza ndani ya majengo ahesabu milango iliyofungwa. La nne ni la Rula. Barua ya kumsafisha jina, niliyokiri ndani yake kila kitu, anayo mwanasheria, na ofisini itafika hata nikipona, jambo ambalo silitarajii. Mtaona haya kidogo. Haya haziui, mficha maradhi ndiye kifo humuumbua, na mimi nimeponea chupuchupu.

Kifungua mimba, kwa Rula uende wewe. Usimpigie simu. Ni nyuma ya stendi ya mabasi, ngazi za nje, mlango wa pili. Mwambie, "Aliyesema ni mama yangu." Usianze na "Mama alikuwa mgonjwa." Akikufukuza, ondoka kwa heshima, na mwaka ujao urudi. Ninajua ninakunyang'anya nini. Baba yako hakukudanganya. Alijidanganya mwenyewe, na alikupenda bila kuhitaji karatasi yoyote ya miraba.

Sogeeni. Sauti inaniishia... Nani anakohoa? Kumbe ni mimi.

Mungu awape macho, wanangu... na miguu ya kuyapeleka mahali. Awape riziki isiyomtoa mtu kwenye meza yake. Mpendane, hata siku mtakazokuwa... hampatani. Binti, mwangalie mdogo wako, ale. Kifungua mimba, nishike mkono. Si huo, huo una sindano. Utakwenda? Usitikise kichwa, sioni vizuri. Sema, wenzako wasikie.

Haya. Nimesikia.

Vaa shati la mikono mirefu... Rula hupenda watu nadhifu.