Papa Ntirenganya Onésime, Mutengeneza Fromage wa Masisi

Ndugu na jirani mulioacha kazi zenu kumusindikiza, jamaa inawasomea kwa ufupi njia aliyopita.

Papa Ntirenganya Onésime alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1957, karibu na Kitchanga, teritware ya Masisi, akasoma pale pale mpaka mwaka wa tano wa primaire, kisha akashika ndoo ya maziwa, akajifunza kutengeneza fromage, ni kusema jibini, na waliomujua wakati ule wanakumbuka namna alivyosimama mbele ya nyumba asubuhi, ukungu ukipanda kutoka bondeni, akiita ng'ombe za kilima cha ng'ambo kwa majina yao, moja moja, bila kukosea.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1981 alifunga ndoa na Mama Umurerwa Julienne, Mungu akawapa watoto wanne, Dorine akiwa wa kwanza. Vita ikawashusha Goma mwaka 1996, ng'ombe zikabaki, na mwaka 2002 volcan, mulima wa moto, ikachukua nyumba yao. Papa akajenga ingine katika mutaa wa Majengo, juu ya mawe yale yale ya volcan, akiuza fromage za wenzake waliobaki kule juu.

Ugonjwa ulimuingia polepole. Alianza kugonga bega kwenye milango, pikipiki za motari zikimutokea ghafla upande wa kushoto, akasema ni uzee tu, na mwaka 2015, munganga alipokuta ni glaucome, presha ndani ya jicho inayoua mushipa wa kuona, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika. Katika lile la kulia presha hiyo, tension, ilizidi kupanda, dawa ya matone haikuishusha vya kutosha, ndipo munganga akapendekeza laser, mwanga mukali unaochoma kidogo ndani ya jicho. Papa alikataa.

«Moto ya volcan ilishakula nyumba yangu», alisema, «jicho hili moja muniachie».

Tulimusihi sote, hakusikia. Mama Julienne akamujibu kwa sauti ya chini: «Papa Dorine, mimi nataka unione nikizeeka».

Tarehe 22 mwezi wa tatu 2016 alikaa mbele ya mashini, akaona mianga midogo ya kijani, na kabla hajamaliza kuomba moyoni, akaambiwa imekwisha. Aliuliza moto wenyewe uko wapi. Munganga alimueleza kwamba laser hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki, na kwamba lazima arudi kupimwa. Hakukosa hata mara moja, na tension ikashuka.

Kwa mwanga ule alimuona Dorine akiolewa mwaka 2018, akarudi Masisi kwa siku moja, akakaa kwenye nyasi kutazama ng'ombe za watu wengine, tukamubembeleza ili aondoke. Kanisani, kwa kuwa upande wa kushoto hakuona, aligeuza kichwa chote kutafuta watu, wao wakadhani anawasalimia, wakaitikia, naye akapata marafiki wengi namna hiyo.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 9 mwezi wa kumi 2024, nyumbani, Mama Julienne akiwa ameketi upande wake wa kulia.

Tunashukuru waganga, jirani wa Majengo, na wauza fromage wenzake. Na kwa kuwa ugonjwa huu unatembea katika jamaa, Papa alimukokota mudogo wake Janvier kwenda kupimwa, ingawa Janvier mwenyewe hakusikia shida yoyote. Akakutwa nao, akatibiwa na laser mapema, na ndiye anayewasomea maneno haya leo, kwa macho yake mawili.

Yaya Onésime, kaka yangu mukubwa, amani ya Mungu ikulaze vizuri.