Mwalimu Mulumeoderhwa, Aliyekataa Kutudanganya Juu ya Utupu

Kwanza salamu. Papa Constant wa mulangoni anasalimia, Mama Ernestine na wenzake wa jikoni wanasalimia, masista wa direction, wakubwa wa shule, wanasalimia, watoto wa sixième, kalasi ya mwisho, wanasalimia, na Charline, binti yangu, anasalimia kupita wote. Leo, tarehe mbili ya mwezi wa saba, Mwalimu Grégoire Mulumeoderhwa anaingia retraite, anaacha kazi kisha ya miaka makumi tatu na moja ya kufundisha fizike hapa kwenye shule yetu ya Murara, Goma.

Alitoka Bukavu akiwa kijana. Lava ya mulima Nyiragongo ilipokula kalasi zetu, alifundisha chini ya bâche, hema ya plastiki, mawe yangali na moto, mpaka viatu vyake vikayeyuka chini. Watoto walicheka, yeye akaendelea na somo.

Mimi nafagia kalasi, fizike siijui. Lakini mwaka jana Charline alirudi nyumbani na woga mukubwa. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba utupu, ile nafasi inayobaki ukiondoa kila kitu, pengine haujafika chini kabisa. Ni kama jiwe lililokwama katika kashimo juu ya Nyiragongo: limetulia, lakini chini yake kungali muteremko. Siku likishuka, nyota na sisi wote tunaisha. Basi mutoto akaacha kujitayarisha kwa examen d'État, ule mutihani wa kumaliza shule.

"Mama, nisomee nini tena?"

Sisi watu wa Goma tunajua kukimbia. Nikafunga sufuria na nguo, nikafika kwa Mwalimu na godoro kichwani.

"Mwalimu, ile kitu ikishuka, tukimbilie Sake ao tuvuke mupaka?"

Hakucheka. Akanishusha godoro yeye mwenyewe.

"Mama Charline, ile haina njia ya kuikimbia. Inakuja mbio kama mwangaza, hautaisikia hata."

"Basi umwambie mutoto haiwezekani. Umudanganye kidogo tu, alale."

"Siwezi, mama. Kama utupu uko imara ao hapana, hakuna anayejua. Hesabu zetu zinasema pengine hauko. Lakini zinasema tena utupu utangoja hivi miaka kupita umri wa nyota zote, mara nyingi sana."

Nilikasirika naye, sifichi. Jioni akaja kwetu, akakaa na Charline, akamurudilia maneno yaleyale, hesabu kwa hesabu, bila kupunguza kitu. Kwa sababu hakumuficha ile mbaya, mutoto akaamini na ile nzuri. Asubuhi nikamukuta anasoma. Alipita examen, na leo anasoma fizike université. Ananiambia hata kule bado hawajajua kama utupu uko imara.

Aksanti, Mwalimu. Mungu akupe siku za kupumzika, chakula cha moto, na wajukuu wenye maswali mengi. Kesho unapanda mashua, na ziwa lina upepo siku hizi, uvae koti. Ukifika Bukavu, tutumie habari mbiombio. Na kama si nzuri, usitupunguzie.