Kimea cha Man-sik Kilichogoma

Nife hapa nilipo kama naongopa hata neno moja! Benchi la mbele ya duka la Bi Oh, pale mjini Yeongju, Korea, lina waongo kuliko miguu yake, lakini asubuhi ile Man-sik alikuja kimya, yeye mwenye sauti ya kupasua vioo, kakumbatia sufuria. Kesho yake wakwe watarajiwa wa bintiye Ye-rin wanakuja kujitambulisha. Kaapa kuwapa sikhye, kinywaji kitamu cha wali na kimea cha shayiri, kama alichokuwa akiwapa wageni marehemu mkewe. Kimelala kwenye jiko la umeme la kupikia wali usiku kucha. Utamu hakuna, punje za wali hazijaelea.

— Onja, Antena, — akamwambia mzee wa benchi anayenasa kila umbea wa mtaa.

— Mh! Maji ya kuoshea bakuli haya.

— Mchele huo, — akasema Kabichi, mwenzake wa benchini, akipuliza kahawa yake ya mashine. — Siku hizi umelishwa dawa mpaka umesahau utamu.

— Mchele wapi! — Antena akadakia. — Jiko hilo. Si linatangaza "wali tayari" kwa sauti ya kike? Shemeji kaona wivu huko kaburini, kakususia kimea!

Man-sik akaanza kuamini.

— Sasa Ye-rin akose mume kwa sababu ya jiko?

Mama mmoja mgeni, kikombe cha karatasi mkononi, akageuka kutoka kwenye mashine ya kahawa.

— Samahani kaka, hayo maji ya kimea uliyachemsha kwanza?

Benchi zima likamgeukia.

— Yalitokota, dada! Wageni wa heshima niwape vijidudu?

— Basi umeviua vimeng'enya. Kila kimoja ni uzi mrefu uliojikunja, una kimfuko cha kunasa wanga na kuukata uwe sukari. Kwenye joto la wastani kinachapa kazi. Ukikitokosa uzi unakunjuka, kimfuko kwisha. Umeona wapi yai la kuchemsha likarudi bichi?

— Sijaona, — Antena akakiri, na huyo huwa kaona kila kitu.

— Kwa hiyo mke wangu hajanuna?

— Hana kosa. Loweka kimea kipya, kamua, tia wali, jiko litunze joto tu. Punje zitaelea.

Man-sik akashusha pumzi iliyopeperusha matangazo ya duka.

— Umenifufua, dada! Umejulia wapi haya?

— Nafundisha sayansi, mjini Daegu. Nimewahi siku moja, nione mwanangu anaoa mtaa gani.

Kahawa ikamtoka Kabichi puani. Man-sik akaificha sufuria mgongoni, lakini mama akamzunguka, akachota kwa kikombe chake, akanywa yale maji mpaka tone la mwisho.

— Kesho, mzazi mwenzangu, hatujawahi kuonana.

Kesho yake punje zilielea kama theluji, na mume wa yule mama akalamba bakuli. Mpaka leo hajui kwamba mkewe alitangulia benchini. Basi na wewe funga mdomo, Ye-rin ana ndoa ya kulinda.