Napatsi Ulayok na Kiraka cha Ngozi ya Sili

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mlioacha injini zinanguruma hapo nje kwa kuogopa zisiwake tena, kwa niaba ya familia ninasoma maisha ya baba yangu mdogo, naye aliniagiza nisiruke hata mstari mmoja, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Napatsi Ulayok alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kwenye kambi ya uwindaji upande wa kaskazini wa ghuba yetu, akimfuatia baba yangu, marehemu Tamusi. Mwaka 1959 alipelekwa shule ya serikali, akafika darasa la tano, mwaka 1970 akasomea ufundi wa injini kwa miezi sita, kisha akaajiriwa kwenye gereji ya duka la ushirika hadi alipostaafu mwaka 2014. Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na Bi Maata, wakajaliwa mabinti wawili, na mimi Kalai, mtoto wa kaka yake, nikaletwa kulelewa kwao mwaka 1988, kwa sababu ambayo ndiyo nimetumwa kuisema.

Hakuna pikipiki ya theluji hapa kijijini ambayo haikupita mikononi mwake. Ukimletea inayozimika njiani, hagusi plagi wala kabureta, anafungua kwanza mfuniko wa tenki na kutega sikio, nasi tulimtania, "Mzee, tenki limekwambia nini leo?" naye anajibu, "Nyamazeni, acheni lipumue." Tulidhani ni mbwembwe za fundi, kumbe masikini alikuwa anateseka.

Jumanne tarehe 9 Februari 1988 baba yangu aliondoka kwenda kuwinda, kwa pikipiki ambayo jana yake marehemu alikuwa ameitengeneza. Petroli ilikuwa ikivuja kwenye mfuniko wa tenki na kumwagikia nyama ya mawindo, hivyo marehemu akakata kiraka cha duara cha ngozi ya sili, akakibandika ndani ya mfuniko, kazi safi, watu wakaisifu, lakini kiraka kile kiliziba tundu dogo la kuingizia hewa. Tenki lisipoingia hewa petroli haishuki, injini inakwenda kama nusu saa, inakohoa, inazimika, ikipumzika kidogo inawaka tena, nawe unajidanganya kwamba umeiponya.

Baba alipatikana siku ya tatu, amekufa kwa baridi kando ya pikipiki. Plagi alikuwa amezisafisha, chujio amelifungua, mipira ya mafuta ameipuliza kwa mdomo, vifaa amevipanga juu ya kiti kuanzia kidogo hadi kikubwa, ila mfuniko hakuugusa, kwa kuwa sisi sote tumefundishwa kwamba theluji ikipeperuka tenki halifunguliwi. Marehemu ndiye aliyetangulia kufika, akaufungua, na tenki likashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, akavuta kamba mara moja tu, injini ikawaka. Alikibandua kiraka akakitia mfukoni, na wenzake walipofika aliwaambia, "Ametia theluji kwenye petroli." Kwa miaka thelathini na moja baba yangu akawa mzembe, na mama yangu, Bi Aalasi, akaitwa mke wa mtia theluji, tena na baadhi yenu mlioketi hapa.

Pumzi ile haikumwacha marehemu. Aliisikia kwenye birika, aliisikia mlango wa kanisa ukifunguliwa, na mimi nilipokuwa mdogo nimelala, alikuwa akija kusimama kando yangu, anasikiliza, mpaka Bi Maata amwondoe kwa mkono.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2018, akatibiwa kusini, akarudi Septemba mwaka huu. Tarehe 20 Oktoba alituita mimi na mama, akatoa kiraka, maana alikuwa nacho bado, akasema, "Shemeji, Tamusi hakukosea. Ni mimi." Kifo hakukiogopa, aliogopa kwamba hakuna mama atakayempa mwanawe jina lake, na kwetu mtu ambaye jina lake limekosa mtoto hana pa kurudi. Mama alivaa koti akatoka. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika, sitadanganya mbele ya jeneza.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka 68.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, rubani aliyemrudisha nyumbani, mafundi wenzake, na majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda.

Yamebaki machache. Jumanne, siku mbili baada ya kifo chake, mke wangu alijifungua mtoto wa kike, na kwetu jina la marehemu halichagui mvulana wala msichana, lakini mimi nilikuwa nimeshamchagulia jina jingine. Mama aliingia na viatu vyake vya theluji, akaushika mkono wa mtoto, akamwamkia kama tunavyowaamkia waliorudi, "Karibu tena, shemeji. Safari hii ukikosea, useme siku hiyohiyo." Nilifungua mdomo nibishe, Napatsi huyu mchanga akashusha pumzi ndefu, nikaliacha lile jina jingine.

Baba mdogo, nimesoma yote. Sasa pumua, upumzike kwa amani.