Pingamizi Letu kwa Kituo cha Siti

Benchi la Abbasi muuza kahawa liko kwenye kona ya mtaa wetu hapa Kasulu, mkabala na nyumba yenye geti la bluu. Getini kumebandikwa tangazo: Siti, mwenye nyumba, anaomba kiwanja chake kibadilishiwe matumizi, kutoka makazi kuwa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Mwenye pingamizi alitoe leo alasiri kwenye kikao cha mtaa. Majirani wakikataa, ombi haliendi halmashauri, na Siti ameshanunua mikeka. Wapingaji wako benchini tangu asubuhi. Badru tunamwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kushinda kesi ya mbuzi kwenye baraza la kata. Venanti ni Redio, hazimwi. Wa tatu ni Ndayikunda, jina la kijiweni Kamba: aliwabebea wapima viwanja kamba yao siku mbili, na tangu hapo hakuna mpaka asioujua.

Redio: Mimi sina ubaya na Siti. Lakini kelele! Kuku wangu wakisikia mtoto analia hawatagi.

Abbasi: Kuku wako hawatagi tangu mwaka jana.

Redio: Walisikia fununu.

Wakili: Kelele ni jambo dogo. Kiwanja cha makazi ni cha watu kukaa. Wewe umeshaona mtoto wa miaka miwili amekaa?

Kamba: Ego, ndiyo hivyo! Tena matumizi yakibadilika pale, yanabadilika mtaa mzima. Mtawaona wanakuja na rangi nyekundu, kila ukuta alama ya X.

Redio: Hata choo changu?

Kamba: Choo ndiyo wanaanza nacho.

Wakili: Leo kituo, kesho shule. Shule inataka uwanja wa mpira.

Redio: Hapa uwanja utatoka wapi?

Wakili: Upo. Wewe unalala kwenye goli.

Kamba: Baada ya shule ni chuo. Chuo hakikosi mgomo. Wali ukiungua siku moja tu, watu barabarani, mabomu ya machozi, moshi wote kwenye birika la Abbasi.

Abbasi: Mabomu ya machozi kwa watoto wa miaka miwili?

Kamba: Kwani hawatakua?

Wakaanza kuitwa wahenga.

Wakili: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wametaja mama, wametaja ulimwengu. Kituo hawakukitaja.

Redio: Na wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa sisi hapa nani anaumwa?

Abbasi: Na wanaoamkia shambani, watoto wao wamwachie nani? Juzi mtaa wa juu mtoto kaopolewa kwenye shimo la tofali.

Redio: Mtaa wa juu, Abbasi! Kule watu hawajuani. Sisi tunaleana. Wangu ni wa jirani, wa jirani ni wangu. Mke wangu yuko shambani, mjukuu nimemwacha kwa jirani, mimi nakunywa kahawa. Kibali cha nini?

Wakili: Na wangu hivyo hivyo. Mama watoto kaenda gulioni Muyama, mjukuu yuko kwa jirani. Ndiyo utu huo. Niongezee kahawa.

Abbasi alikuwa anamwongezea Wakili kahawa, Siti akatokea barabara ya chini, amewashika mikono watoto wawili. Walikuwa tope tupu, kuanzia nywele.

Siti: Shikamooni, wazee wangu.

Wakaitikia.

Siti: Nimewakuta kwenye shimo la tofali la huku chini. Huyu alikuwa anamwosha mwenzake. Ni wa nani hawa?

Wazee waliwatazama. Hakuna aliyewajua. Kisha mmoja akapiga chafya, na Redio akasimama. Chini ya tope alikuwa mjukuu wake.

Redio: Wakili! Si nilimpeleka kwako huyu?

Wakili: Kwangu kuna nani? Mke wangu si yuko gulioni? Na huyu mwingine ni wetu! Mama watoto alimwacha kwako!

Redio: Kwangu? Mimi si niko hapa na wewe?

Kamba aliinamia kikombe chake.

Abbasi: Lile shimo maji yake yananifika kifuani.

Redio alivua koti, akamfunika mjukuu wake, tope na yote.

Siti: Mimi nimewaleta tu, wazee. Nawahi kikaoni, na nyie naona mnakwenda huko huko.

Wakili alikohoa.

Wakili: Mwanangu Siti, mdogo wako Nasma yupo ndani?

Siti: Yupo.

Wakili: Na mikeka ipo?

Siti: Ipo.

Wakili: Basi awaogeshe, awalaze hapo. Sisi tufike kikaoni mara moja, tutoe hilo pingamizi, tukitoka tunawachukua.

Siti: Kwa kibali gani, baba?

Wakili alimtazama Kamba. Kamba alimtazama Redio. Redio hakuwepo benchini. Alikuwa ameshavuka barabara, mjukuu mgongoni, anagonga geti la bluu kwa kiganja, palepale penye tangazo.